Picha Ibaki, Mwili Urudi Udongoni

Somo la kujifunza katika jumuiya. Kabla ya kuanza, someni Mwanzo 23; Yohana 19:38–42; 1 Wakorintho 15:35–44.



Somo la safari hii linahusu maziko, na aliyeliandika si padre wala katekista. Mimi ni mpiga picha hapa Pugu. Kazi yangu hunipeleka arusini, kwenye ubatizo na Kipaimara, lakini zaidi ya kote hunipeleka makaburini. Katika msiba mpiga picha husimama mahali ambapo wengine hawasimami. Yu karibu na jeneza kuliko jamaa wengi, yu karibu na shimo kuliko wanakwaya, wala macho yake hayana ruhusa ya kufumbwa. Kwa hiyo huona mengi. Katika somo hili nataka tuulizane swali moja: tunapomzika ndugu yetu, ni kitu gani tunataka kibaki, na ni kitu gani yatupasa kukiachilia?

1. Kazi ya kamera na kazi ya kaburi

Vijana wa leo hupiga picha kwa simu na kuiona papo hapo. Sisi tuliojifunza kazi kwa filamu tulijifungia katika chumba cha giza chenye taa moja nyekundu. Karatasi ilitiwa katika dawa ya kwanza, na sura ya mtu ikaanza kujitokeza polepole, nywele, macho, kisha tabasamu. Lakini sura hiyo isingedumu bila dawa ya pili, iitwayo fiksa. Karatasi isiyopita katika fiksa ikitolewa nje hugeuka nyeusi yote. Fiksa ndiyo huuambia wakati usimame. Na filamu za rangi, kwa miaka mingi, zilimaliziwa kwa dawa yenye fomalini, ile ile itumiwayo katika chumba cha maiti kuzuia mwili usioze.

Basi mpiga picha anajua maana ya kuzuia kitu kisiharibike, maana ndiyo riziki yake. Picha ina kazi ya kushika sura ya mtu isipotee. Kaburi lina kazi nyingine, ya kuurudisha mwili mahali ulikotoka, kama Mungu alivyomwambia Adamu katika Mwanzo 3:19. Siku hizi tumezichanganya kazi hizi mbili. Kaburi tunataka lidumu kama picha, na picha yenyewe tunaisahau.

Ushahidi ninao kila mwezi. Saa chache baada ya kifo hodi hupigwa mlangoni kwangu. “Shikamoo mzee, tunaomba umtoe baba katika picha hii.” Picha yenyewe ni ya arusi ya jirani. Baba yuko mstari wa nyuma, na nusu ya uso wake imefichwa na kofia ya mtu. Au picha ni ile ndogo ya kitambulisho, aliyopigwa akiwa amekasirika kwa kusimama foleni. Au picha ziko nyingi, lakini zimo katika simu ya marehemu, na namba ya siri ameondoka nayo. Mtu ameishi miaka sabini katikati yetu, na hatuna picha moja nzuri ya uso wake. Lakini siku ya pili ya msiba fundi ujenzi amekwisha kupewa fedha za saruji na marumaru.

Mohamed Amin, mpiga picha aliyeanza kazi yake hapa Dar es Salaam, alikwenda Korem, Ethiopia, mwezi wa Oktoba 1984, wakati wa njaa kuu. Picha zake ziliwaonyesha waliokufa usiku wamefungwa katika nguo hafifu, wamelazwa chini alfajiri wakingoja kuzikwa. Watu wale hawakujengewa kitu. Lakini walioziona picha hizo hawakuwasahau, na dunia nzima ilianza kuchanga chakula. Kumbukumbu yao haikukaa katika jiwe.

2. Tunazika nini pamoja na marehemu?

Tuhesabu vitu ambavyo mimi huviona kupitia kamera.

Kwanza, jeneza. Familia yenye uwezo hutaka mninga au mkongo. Hii ni miti ya porini inayokua polepole sana. Mti uliochukua maisha ya binadamu hata kufaa kwa mbao hukatwa, hupakwa vanishi, huonekana kwa saa tatu, kisha hufukiwa. Ndani yake mna kitambaa cha kung'aa ambacho ni aina ya plastiki, na nje mna mishikio ya chuma au ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Pili, fomalini. Hapa tuwe waadilifu. Mwili unaosafirishwa kwenda Masasi au Muheza, au unaomngoja mtoto aliye ng'ambo, unahitaji kuhifadhiwa. Lakini yafaa kujua kwamba mwaka 2004 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza kansa iliiweka fomaldehaidi, ambayo ndiyo kiini cha fomalini, miongoni mwa vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Wanaoivuta kila siku ni wale ndugu wanaotuhudumia katika chumba cha maiti. Pasipo safari wala kungoja, kuna haja gani?

Tatu, saruji. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake duniani hutoa asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za binadamu. Kaburi moja ni mifuko michache tu, si kama ghorofa. Lakini ghorofa hukaliwa na watu. Tena ardhi iliyofunikwa kwa zege hainywi mvua wala haioti jani.

Nne, mashada. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini mwetu. Mashada ya maua ya plastiki yaliyofungwa kwa nailoni bado yanawekwa makaburini kwa kupokezana, huku majina ya makundi yakitangazwa. Baada ya jua la miezi miwili hugeuka takataka. Sisi wa Pugu hatuhitaji kuambiwa takataka za jiji huenda wapi. Magari yake hupita hapa kila siku yakienda dampo la Pugu Kinyamwezi.

Kuna jambo moja ambalo nimelipiga picha mara nyingi, na kila mara hunisumbua. Padre anasali na kutupa udongo juu ya jeneza, nasi tunamfuata mmoja mmoja, mkono wa udongo kwa kila mtu. Na nyuma yetu fundi anakoroga zege. Kinywa kinakiri kwamba mwili unarudi udongoni, na wakati huo huo mikono inatayarisha kizuizi.

3. Ardhi yetu ni ndogo

Zamani aliyefariki Pugu alizikwa shambani kwake, chini ya miembe. Leo mashamba yamekatwa viwanja, na katika kiwanja chenye nyumba, kisima na choo hakuna mahali pa kaburi. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Wote hawa watakufa, nasi miongoni mwao. Wenzetu wa Kinondoni wanajua maana yake, kwa kuwa katika makaburi yao ya zamani mtu hukanyaga kaburi moja akitafuta njia ya kulifikia jingine.

Tena Pugu si mahali pa kawaida. Msitu wetu ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na kuna mti ambao jina lake la kitaalamu limechukuliwa kutoka Pugu hii hii. Vilima hivi ndivyo chimbuko la mto Msimbazi, unaopita katikati ya jiji hadi baharini. Msitu umekwisha kuliwa sana na mkaa na mashoka. Kipande cha ardhi tunachokitenga kwa wafu chaweza kuwa jangwa la zege, au chaweza kuwa mahali ambapo miti inalindwa, kwa sababu hakuna anayethubutu kukata mti wa makaburini.

4. Waliotutangulia walizikwaje?

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni geni, au ni fasheni ya wazungu. Tuanze na Maandiko. Ibrahimu alipofiwa na Sara alinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha. Angalieni Mwanzo 23:17, ambapo miti yote iliyokuwa katika shamba lile imetajwa katika mapatano. Debora, mlezi wa Rebeka, alizikwa chini ya mti (Mwanzo 35:8). Mifupa ya Sauli na wanawe ilizikwa chini ya mti huko Yabeshi (1 Samweli 31:13). Kaburi la Musa halijulikani na mtu (Kumbukumbu la Torati 34:6), lakini Musa amesahauliwa na nani?

Mwili wa Bwana wetu ulifungwa kwa kitani pamoja na manukato, ukalazwa bustanini. Wengine watasema kwamba manukato ya Nikodemo yalikuwa mengi na ya thamani, uzito wa ratili mia. Ni kweli. Heshima si dhambi. Lakini kitani, manemane na udi vyote ni mazao ya nchi, vyaweza kurudi katika nchi, na kaburi lenyewe lilikuwa la mtu mwingine.

Kisha tuwatazame majirani zetu. Waislamu wa Pugu humzika mtu siku ile ile, bila fomalini. Humvika sanda ya pamba, humbeba katika jeneza la msikiti, humlaza katika mwanandani, na jeneza hurudi msikitini kumngoja mwingine. Tajiri na maskini hubebwa katika jeneza lile lile. Je, wajua kwamba parokia za Kiingereza zilifanya vivyo hivyo kwa karne nyingi? Parokia ilikuwa na jeneza moja la kubebea, na mtu alizikwa katika sanda yake. Jeneza la kila mtu peke yake lilienea baadaye.

Katika historia ya pande zetu yupo Dk. Livingstone. Alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi wa Mei 1873, wenzake Susi na Chuma walifanya mambo mawili. Moyo wake waliuzika pale pale chini ya mti mkubwa, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko na kuchonga maneno katika shina. Mwili wake, kwa kuwa ulikuwa na safari ndefu, waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na kuutia ndani ya gamba la mti, wakaubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kwa mbao za mti ule ulichongwa msalaba uliomo katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar. Na ipo picha ya mwaka 1874 inayomwonyesha Jacob Wainwright pamoja na jeneza la bwana wake. Mwili ulisitiriwa kwa gamba la mti, na kumbukumbu imekaa katika msalaba na katika picha.

Mifano ya karibuni nayo ipo. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004 kwa kazi ya kupanda miti, alifariki Septemba 25, 2011. Alikuwa ameagiza kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake. Likafumwa jeneza la mafunjo, mianzi na magugu maji, na mwili ukachomwa Kariokor, Nairobi. Askofu Mkuu Desmond Tutu, mmoja wa viongozi wakuu wa Kianglikana katika Afrika, alifariki Desemba 26, 2021. Yeye alitaka jeneza la bei nafuu kabisa, na watu wote wakaliona jeneza la msindano lenye mishikio ya kamba, na juu yake shada moja la maua ya familia. Mwili wake haukuchomwa kwa moto. Uliyeyushwa kwa maji na dawa, njia itumiayo nishati kidogo, na mabaki yakazikwa katika Kanisa Kuu la Mt. George, Cape Town. Nani atasema kwamba Tutu alizikwa bila heshima?

Nawatajieni hawa si ili tuige kila walichofanya. Kuchoma mwili au kuuyeyusha hakujazoeleka kwetu, na somo hili halidai hivyo. Sisi tunao udongo. Udongo wa juu una hewa, wadudu na kuvu, nao huupokea mwili uliovikwa pamba na kuugeuza kuwa udongo. Ndani ya sanduku la zege kazi hiyo hukawia sana. Mtume Paulo, akiwafundisha Wakorintho habari za ufufuo, aliufananisha mwili na mbegu ipandwayo. Mbegu haipandwi ndani ya saruji.

5. Hofu tuliyo nayo

Wanaojengea makaburi wana sababu, na si haki kuwacheka. Wanaogopa kwamba mvua itasawazisha tuta, kwamba mbuzi watapita juu yake, kwamba miaka kumi baadaye mtu mwingine atazikwa pale pale. Haya yametokea. Zaidi ya hayo wanaogopa maneno ya watu.

Mzee mmoja wa mtaa wetu aliwaambia wanawe mapema kwamba akifa wasimjengee, wamfunge shuka lake la pamba na kumweka katika jeneza la mbao za kawaida. Alipofariki, mwanawe mkubwa alikataa. Alisema, “Watu watasema tumemzika baba kama mtu asiye na watoto.” Binti akamjibu, “Baba alisema, nasi tulimwitikia.” Walibishana usiku kucha, hata wazee wa kanisa wakaitwa. Aliyemaliza shauri ni mjane. Aliuliza fedha za mninga na marumaru zinatoka wapi. Akaambiwa kwamba sehemu itatoka katika chama cha kufa na kuzikana, na sehemu itakopwa. Akauliza tena, “Na mkopo huo nani ataulipa, marehemu?” Mzee akazikwa kama alivyotaka. Maneno ya watu yalikuwapo, sitawaficha, nayo yalidumu kama majuma mawili. Mjane bado anakaa katika nyumba yake bila deni, na ukutani ipo picha ya mumewe akicheka, ambayo mzee mwenyewe alikuja kupigwa mwaka mmoja kabla.

Nimeona na misiba iliyokwenda njia nyingine, ambapo kaburi lina marumaru na watoto hawana ada. Lipi ni heshima zaidi kwa baba?

6. Tufanye nini?

Yafuatayo yamo katika uwezo wetu, tajiri na maskini.

(a) Jeneza la mtiki au msindano wa mashamba ya kupandwa, kama ule wa Sao Hill, bila vanishi nzito. Ndani mtandikwe khanga au shuka la pamba. Umoja wa Akina Mama wanaweza kushona vitambaa hivyo na kuviweka tayari.

(b) Fomalini itumike pale tu penye safari au kungoja.

(c) Maua ya bustani zetu, shada moja kwa familia yote. Makundi mengine yaweke fedha za mashada katika bahasha ya mjane au ya ada za watoto.

(d) Tuta la udongo na msalaba wa mbao, au jiwe moja dogo lenye jina. Miti ya kwetu, kama mkwaju, ipandwe mipakani na njiani, si juu ya kifua cha marehemu.

(e) Kuhusu hofu ya kaburi kupotea, tuwe na daftari. Kila kaburi lipewe namba katika kitabu cha maziko cha parokia, na lichorwe katika ramani. Liwekwe na picha mbili, moja ya karibu yenye namba, na moja ya mbali inayoonyesha mti au ukuta ulio jirani. Picha zichapishwe katika karatasi na kutunzwa sakristia, maana simu huibwa na kuharibika. Kazi hiyo nitaifanya bila malipo, na nitamfundisha kijana yeyote anayetaka kunisaidia.

(f) Kila mzee wa parokia apigwe picha nzuri akiwa hai, tena ajichagulie nguo na mahali. Nyuma ya picha yaandikwe jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, na namna anavyotaka kuzikwa.

Angalizo mawili. Makaburi yasiwe karibu na visima wala vijito, na afisa afya aulizwe kwanza. Tena kifo kikitokana na ugonjwa wa kuambukiza, kama kipindupindu, au kama Marburg iliyozuka Kagera mwezi wa Machi 2023, maagizo ya wataalamu wa afya yafuatwe yote, hata kama yanapingana na niliyoandika hapa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mazishi ya mwisho uliyohudhuria, ni vitu gani vilivyotiwa ardhini au kuachwa juu yake? Vingapi kati ya hivyo vyaweza kuwa udongo?

2. Someni tena Yohana 19:38–42. Yusufu na Nikodemo walimheshimuje Bwana? Katika desturi zetu, ni lipi linalomheshimu marehemu, na ni lipi linalotuheshimu sisi waombolezaji?

3. Mwana mkubwa aliogopa maneno ya watu. Jumuiya yaweza kufanya nini ili familia isiyojengea kaburi isione haya?

4. Je, umewaambia watu wa nyumbani kwako namna unavyotaka kuzikwa? Waambie kabla jumuiya haijakutana tena, na njoo na jibu lao.